Pikipiki Yako Inafika Gari la Kituo Lisipofika

Maneno ya mama mlezi mstaafu wa kituo cha kulelea watoto kwa wanachama wa klabu ya waendesha pikipiki, Mafiati, jijini Mbeya, Jumapili mbili kabla ya msafara wa zawadi za Krismasi. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini, na wale wa Chimala waliozuiwa na mvua.

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchungaji wetu, shehe wetu, wenyeviti wa vijiwe vya Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Uyole, na nyie wanangu mlioegesha hapo nje mkaniachia upenyo wa kupita kiubavu: kamwene. Na kwa Wanyakyusa, ambao naona mmekaa mbele kama kawaida yenu, ndaga fijo kwa kunialika.

Nimeambiwa nina dakika ishirini. Nimelea watoto miaka ishirini na saba na sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika ishirini, kwa hiyo mtanivumilia.

Katibu alinipigia akaniomba nije nizungumzie umuhimu wa kutoa. Nikamkatalia palepale. Mtu anayeacha vichwa Jumamosi nzima ya Desemba, wakati abiria wanagombania pikipiki na kila mmoja ana kuku mkononi, huyo utamfundisha nini kuhusu kutoa? Nani hapa hajui kwamba hesabu ya bosi haina Krismasi? Nani hapa hajarudi nyumbani tarehe ishirini na nne usiku, mwanawe akamdaka mlangoni, "Baba, sikukuu yangu?", na yeye mfukoni ana elfu mbili na risiti ya mafuta? Kutoa mnakujua. Nimekuja kwa mengine, na baadhi yake hamtayapenda.

Nianze na kelele.

Mwaka wa kwanza mlipokuja kituoni mlikuwa pikipiki arobaini na kitu. Mmefunga maputo kwenye vioo vya pembeni, mmoja amevalia kofia nyekundu ya Krismasi juu ya helmeti, honi kuanzia njia panda. Mlipofika getini mkapiga resi wote kwa mpigo. Watoto wakubwa walishangilia, siwanyimi haki yenu. Walipanda ukuta kama ngedere. Mkaona mambo yamenoga. Je, mliwahesabu?

Hamkuwahesabu. Mimi niliwahesabu, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Alipungua mmoja, binti wa miaka mitano. Tulimkuta chini ya kitanda cha mwisho bwenini, amejibana ukutani, ameziba masikio kwa mikono yote miwili, nguo imelowa. Baba yake na mama yake walifia kwenye pikipiki, barabara kuu, usiku, na lori. Na nyie mnajua mshikaki wa familia unavyopangwa: baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati. Alikuwa katikati.

Alitoka chini ya kile kitanda saa mbili usiku. Nyie mlishafika mjini, mlishaoga. Zawadi ziligawiwa kwa foleni, na asiyekuwepo kwenye foleni hakupata. Nikatafuta stoo, nikampa kipande cha sabuni, nikamwambia, hii wameleta wageni. Sabuni! Mtoto wa miaka mitano, siku ya Krismasi!

Kwa hiyo safari hii injini zinazimwa pale kwenye mparachichi, kabla ya kona ya geti. Mtasukuma. Najua: wanaume hamsini wanasukuma pikipiki kupanda kilima kama walioishiwa mafuta wote siku moja, na akina mama wa sokoni pale watacheka mpaka ndizi zidondoke. Wacheke. Mwenyekiti, naomba uliandike hilo. Umeandika? Nionyeshe.

Haya. La pili linahusu neno dogo sana: changu.

Mtoto wa kituoni anakula. Analala pakavu. Shule anakwenda. Lakini shuka ni ya kituo, sahani ya kituo, ndala za kituo, tena zina namba. Sweta aliyovaa leo kesho imevaliwa na mwenzake kwa sababu aliyefua hakutazama. Hata siku ya kuzaliwa: wengi hatukuijua, tukawakadiria, na tulipochoka kukadiria tukawaandikia wote mwezi wa saba. Mwanao anasema "changu" mara ngapi kwa siku? Mpaka unamgombeza. Kwetu mtoto akisema "changu" wenzake wanamshangaa.

Sasa, kuna mwanachama wenu ambaye ni fundi wa kuchomelea. Yuko pale nyuma, ameshaanza kuinamisha kichwa. Mwaka wa pili wengine mlileta mipira, pipi, madaftari, na midoli (mdoli mmoja ulikuja na mguu mmoja, aliyeununua sijui alikuwa anatazama wapi). Yeye akaleta visanduku vya bati ishirini na viwili. Vidogo, hivi. Kila kimoja na kufuli lake na funguo mbili, mmoja wa mtoto na mmoja wa akiba kwa mlezi, na jina la mtoto limepakwa kwa rangi juu ya kifuniko. Majina alikuja kuyachukua mwezi wa kumi na moja, peke yake, na mimi nikamdhania mtu wa sensa. Siku ile nilipoona visanduku nilimsikitikia kimoyomoyo. Nikasema, maskini, amekosa hela ya dukani, amekusanya mabaki ya karakana.

Mipira ilipasuka kabla ya Januari. Pipi hazikufika jioni. Visanduku, wanangu, vile visanduku! Funguo walizitia kamba ya kiatu wakazivaa shingoni. Wakaoga nazo. Wakalala nazo. Asubuhi wanakwenda shule wanagonga kifua kwanza kuhakikisha. Wiki ya pili nikamwomba mmoja anifungulie nione kaweka nini. Akanitazama. Akanigeuzia mgongo, akafungua kwa kujificha, akachungulia, akafunga. "Ni vyangu, mama." Lakini mimi mtu mzima, nilishaona: vizibo vya soda vitatu, na nusu ya mkate wa asubuhi.

Ule mkate nilikaa naufikiria wiki nzima. Alikuwa hana njaa, kwetu mkate wa pili ulikuwepo. Alitaka tu kujua kwamba uko pale na hakuna atakayeugusa.

Ninachoomba ni kidogo. Chukueni orodha mapema: jina, umri, namba ya kiatu. Zawadi iandikwe jina. Jina litamkwe sawasawa, tena na mtu aliyelisoma kabla, siyo kutapatapa mbele ya mtoto, "wewe... Ana... Anna... Anyisile?" Na tukishapata orodha, tuifikirie Januari. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, tunashukuru, lakini hakuna aliyefuta viatu vyeusi, wala sweta, wala madaftari. Tarehe ishirini na tano kituo kinapata pilau mara tatu kwa siku moja, watoto wanaumwa matumbo. Mwezi wa pili hakuna hata mgeni aliyepotea njia. Kijiwe kimoja kikichukua mwezi mmoja, vijiwe vyenu vinatosha mwaka na vingine vinabaki. Sitaongeza neno hapo, hesabu mnazijua kuliko mimi.

Na picha. Kijana wetu mmoja alipofika kidato cha pili, wenzake waliipata mtandaoni picha yake ya miaka minne nyuma, amenyoosha mikono anapokea mche wa sabuni, nyuma yake bango. Walimwita Mche muhula mzima. Pigeni picha pikipiki zenu, pigeni Mlima Rungwe ukiwa wazi, ni mzuri. Nyuso za watoto ziacheni.

Mjukuu wangu, ambaye husoma kila kitu kwenye simu isipokuwa masomo yake, ameniambia misafara kama wenu ipo sehemu nyingi duniani. Kule Chicago, Marekani, waendesha pikipiki wanafanya Desemba, kwenye baridi ya kugandisha maji, tangu 1978. Zawadi wanazipeleka kwenye mpango unaoitwa Toys for Tots. Nikamwambia, nitafutie ulianzaje. Akanisomea.

Ulianza Los Angeles mwaka 1947, wala haukuanza na pikipiki. Mama mmoja, Diane Hendricks, alitengeneza mdoli kwa mikono yake. Akamwambia mumewe Bill, aliyekuwa meja katika askari wa akiba wa Marine, jeshi la Marekani, aupeleke kwenye shirika linalowagawia watoto wenye shida. Bwana akazunguka, akarudi na mdoli wake mkononi: shirika kama hilo hakulipata. Mkewe akamwambia, basi lianzishe wewe. Na Krismasi ile yeye na wenzake wakakusanya na kugawa vitu vya kuchezea 5,000.

Watu wanapenda ile 5,000. Mimi nampenda yule bwana kabla ya hapo, yuko barabarani na mdoli mmoja, anauliza: mtoto mwenyewe yuko wapi? Maana sisi zawadi tunazo, mwaka jana mmejaza Canter. Je, hilo swali tumewahi kuliuliza? Mtoto huyu ni wa nani? Ametoka wapi?

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Yaliyotangulia mngeweza kuyapata kwa mtu mwingine.

Kulikuwa na mvulana. Aliletwa kituoni ana miaka mitatu na nusu, kutoka hospitali, mama yake amefia wodini. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na jina la mama na neno moja la mahali: Isongole. Basi. Nikaenda Isongole, hiyo mnayopita kila siku kati ya Uyole na Kiwira, kwenye viazi na ukungu. Nilikwenda mwenyewe na gari la kituo. Nikauliza kwa mwenyekiti wa kijiji, nikauliza kanisani, nikauliza kila mama mwenye ndoo ya viazi kando ya lami. Hakuna aliyemjua. Nikarudi, nikachukua kalamu, na kwa mkono huu nikaandika kwenye faili: Hana ndugu.

Miaka sita.

Mwezi wa tatu, siku isiyo na sikukuu yoyote, akaja mmoja wenu kuleta gunia la mchele alilotumwa kutoka Kyela. Mvua ikamfungia kwetu. Mvua ya Rungwe mnaijua, ikianza inasahau kwao. Akakaa barazani na watoto. Yule mvulana alikuwa na kamchezo ka kuwahesabu wadogo vidole huku anaimba kawimbo. Kawimbo kale tulikasikia miaka yote, tukakachukulia ni Kinyakyusa kilichopindwa kitoto. Dereva akaacha chai yake. "Mama, huyu anaimba Kindali. Huyu ni wa kwetu."

Kwenu wapi? "Ileje." Nikamwambia haiwezekani, faili linasema Isongole. Akanicheka, dereva yule, akanicheka mbele ya watoto wangu. "Mama, Isongole ziko mbili."

Ziko mbili! Iko ya Rungwe, na iko ya Ileje, mpakani na Malawi. Naona mnavyotikisa vichwa, wote mnajua. Mimi mtu wa Iringa, sikujua. Siku hizo Ileje ilishahamia Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo hata afisa wetu wa ustawi wa jamii hakuwa na sababu ya kutazama upande ule. Lakini dereva wa bodaboda ukimwambia "nipeleke Isongole", neno lake la kwanza ni lipi? "Ipi?" Lazima aulize, asipouliza mafuta yatamwishia porini. Mimi sikuuliza. Mafuta hayakuwa yangu. Yalikuwa miaka sita ya mtoto wa watu.

Tulikwenda kwa utaratibu. Ustawi wa jamii wakaandikiana na wenzao wa Ileje. Shida ikawa kufika: masika, njia ya udongo, gari la kituo lina matairi kama kichwa cha mzee. Kijana yule akambeba afisa kwenye Boxer yake, siku nzima, wakarudi usiku wana matope mpaka kwenye meno. Bibi yupo. Mama mzaa mama, yuko hai, ana nguvu, ana mashamba. Aliambiwa mtoto alimfuata mama yake kaburini. Alishamlilia na matanga akaanua.

Mnataka kujua walivyokutana? Najua mnasubiri nilie. Bibi hakumkumbatia. Alimzunguka mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi, akamshika sikio, akalikunja, akatazama nyuma yake, sijui alikuwa anatafuta alama gani. Kisha akanigeukia mimi. "Mbona amekonda?"

Hajakonda! Nilimlisha mimi! Nikanyamaza.

Hakuhamia siku ile. Alienda likizo, akarudi, akaenda tena, afisa akafuatilia nyumba, shule, nani analala wapi. Krismasi iliyofuata hakuwepo kituoni. Mlimletea zawadi yenye jina lake na mimi nikairudisha, na mmoja wenu akanuna kwamba orodha yangu mbovu.

Nikaenda kabatini nikatoa mafaili yote niliyoandika "hana ndugu". Nikaona aibu. Katika kila kumi, kadhaa yalikuwa na jina la kijiji, jina la mjomba, jina la kanisa, halafu pembeni: "njia mbaya", "gari halifiki", "mafuta hakuna". Wanangu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Mwaka uleule Umoja wa Mataifa nao wakapitisha miongozo yao: kumtoa mtoto kwenye familia yake kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kituo kitumike pale tu kinapofaa kweli. Wote wameandika vizuri. Hakuna aliyeandika ni nani anayeijua njia.

Nyie mnaijua. Kuna kitongoji gani kutoka Mwakaleli mpaka Umalila ambacho hakuna mmoja wenu aliyewahi kushusha abiria? Mmebeba wagonjwa, maharusi, mabati, majeneza. Afisa wa ustawi hana gari, nyie mna pikipiki hamsini. Naomba kila mwanachama atoe siku moja kwa mwaka, kiti cha nyuma, na lita za mafuta. Hiyo ndiyo zawadi niliyokuja kuiomba. Midoli leteni, lakini hiyo leteni kwanza.

Sikilizeni sharti lake. Unambeba afisa. Humbebi mtoto, na huendi peke yako kwa uchungu wako. Si kila nyumba inafaa kurudiwa. Ninao waliotoka kwa wajomba wakiwa na alama za pasi mgongoni, na mjomba yule ukimkuta ni mcheshi, atakukaribisha togwa. Kupima hilo si kazi yako, wala si yangu tena. Ukikutana na mtoto anayeteswa huko njiani, namba ni 116, haina malipo. Na ukirudi, ulichokiona huko hukipeleki kijiweni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na barabara, na hapa nitakuwa mkali.

Kutoka hapa hadi Tukuyu ni kama kilometa 70. Ukungu wa Isongole hauna adabu, hata mchana. Mkivuka pale mnaanza kushuka kuelekea Kiwira. Mzigo usizidi mabega yako, na ufungwe kwa mipira miwili, siyo mmoja na maombi. Mteremko unashukwa na gia. Nitakayemwona ameweka nyutro ili aokoe mafuta, zawadi zake nitazipokea na yeye nitamfukuza. Helmeti kwa kila kichwa. Msafara wa mamba na kenge wamo, najua: kuna wawili watatu hupita kwanza kwa mama wa ulanzi "kutoa baridi". Nawajua kwa majina. Wengi wenu mna watoto. Kituo kile nimekiacha kimejaa, na sitaki mwezi wa kwanza wampokee mtoto ambaye baba yake alikufa akileta zawadi za Krismasi.

Tunakutana Uyole Jumamosi ya msafara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matanki yamejaa.

Jambo moja kabla ya soda. Nimekuja na karatasi. Afisa ustawi ameniruhusu nisome majina ya mahali tu, ya watu hapana. Ziko sehemu tano ambazo hakuna aliyefika. Anayejua njia anyooshe mkono, katibu aandike jina na namba yake.

Ya kwanza ni Kandete. Ni huko juu, halafu karatasi inasema "ng'ambo ya mto, panapovukwa kwa gogo". Nani anapajua?

Wewe? Na wewe pale nyuma. Gogo bado lipo?